Kondoo wa Profesa Scott na vijiji vya Ujamaa

*Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma sayansi ya siasa, mwaka wa pili. Tumepewa kazi ya kuandika wasifu wa mwanasayansi wa siasa mmoja kwa vipengele vitatu: kazi zake za kitaaluma, ufundishaji wake, na mambo aliyoyapenda nje ya kazi. Nimemchagua James C. Scott wa Marekani kwa sababu ana sura nzima juu ya vijiji vya Ujamaa. Kipengele cha tatu kinanishinda. Kila nikisoma nakuta alifuga kondoo. Kondoo wanahusiana vipi na siasa? Halafu Scott anasema operesheni ya vijiji ilishindwa, ila babu yangu, aliyehamishwa huko Maswa mwaka 1974 akiwa mtoto, anasema bila kijiji asingeiona shule. Nimwamini nani?*

Marahaba, mwanangu. Ngoja nianze na hao kondoo, maana ukishawaelewa, swali la babu yako litapungua ugumu.

Scott alizaliwa New Jersey mwaka 1936 na akafariki Julai 2024, akiwa na miaka 87, nyumbani kwake Durham katika jimbo la Connecticut. Chuo Kikuu cha Yale, alikofundisha tangu 1976, kiko New Haven. Durham ni mashambani. Kwa miaka mingi alikuwa akitoka darasani anarudi kwenye kondoo, kuku na mizinga ya nyuki. Hakujisifu kwa hilo. Katika maelezo yake mafupi ya chuo alijitambulisha kama mfugaji wa hivi hivi tu, jambo ambalo maprofesa wachache wangeruhusu liandikwe.

Lakini manyoya ya kondoo wake aliyakata mwenyewe, na hapo ndipo pa kutazama. Kumkata kondoo manyoya hakufundishwi kwa karatasi. Unamkalisha kwa makalio, mgongo wake unauegemeza kwenye magoti yako ili atulie, kisha mkono mmoja unaivuta ngozi ikae sawa na mwingine unapitisha mkasi. Ukiilegeza ngozi, unamchana. Ukimbana mno, anapiga mateke. Kiasi cha kuvuta hukijui mpaka mikono yako imejua yenyewe. Scott aliutetea ujuzi wa namna hiyo maisha yake yote. Katika kitabu chake cha mwaka 1998, Seeing Like a State, aliupa jina la Kigiriki, metis: maarifa ya mwenyeji, ya mkulima anayejua udongo wake, ya nahodha anayejua mkondo wa bahari yake. Serikali haiwezi kuyaandika kwenye fomu, kwa hiyo mara nyingi huyahesabu kuwa hayapo. Hoja yenyewe ilikuja kwanza, kondoo hawakuizaa. Ila ukiandika kwamba alikuwa na "hobi" ya ufugaji ukaishia hapo, utakuwa umekitenga kipengele cha tatu na cha kwanza kama vile ni watu wawili tofauti.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa sababu kijana huyu hakuanza na wakulima.

Alipomaliza Chuo cha Williams mwaka 1958 alipata ufadhili wa kwenda Burma kwa mwaka mmoja. Hapo usimfiche: alikiri mwenyewe baadaye kwamba enzi hizo, katika shughuli zake za siasa za wanafunzi, aliwaandikia taarifa watu wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Wasifu si risala ya msibani, na msomaji wako ana haki ya kujua kwamba mtu aliyekuja kuwa mkosoaji mkubwa wa dola alianza akiisaidia. Tasnifu yake ya uzamivu, iliyokamilika Yale mwaka 1967, ilihusu fikra za maofisa wa serikali ya Malaysia. Aliwahoji watu wa ofisini, wenye tai na mafaili. Ni kazi safi, na leo haisomwi sana.

Kilichomgeuza ni vita vya Vietnam. Alikuwa mhadhiri kijana Chuo Kikuu cha Wisconsin, mji wa Madison, na pamoja na mwenzake Edward Friedman, mtaalamu wa China, wakaanzisha kozi ya mapinduzi ya wakulima ambayo wanafunzi waliijaza ukumbi. Wanafunzi wale walikuwa na hasira na serikali yao, na hawakumruhusu mwalimu kujificha nyuma ya nadharia. Scott akafikia uamuzi ulio rahisi kuutamka: kama wakulima ndilo tabaka kubwa kuliko yote katika historia ya binadamu, basi inafaa mtu atoe maisha yake kuwaelewa. Akaandika kwanza kitabu cha maktabani, kilichotoka 1976, juu ya kwa nini mkulima maskini huogopa njaa kuliko anavyotamani faida. Kisha akafanya jambo ambalo wanasayansi wa siasa wa Marekani wakati ule hawakulifanya kwa kawaida. Akahamia kijijini.

Hapa ukae kwa muda mrefu kwenye insha yako, kwa sababu ndipo penye utajiri.

Kijiji chenyewe kiko jimbo la Kedah, kaskazini-magharibi mwa Malaysia, penye mashamba ya mpunga. Scott alikiita Sedaka, jina la kubuni ili kuwalinda wenyeji, kaya zipatazo 70 hivi. Alikuwa huko kati ya 1978 na 1980. Mradi wa umwagiliaji uitwao Muda ulikuwa umewezesha kulima mara mbili kwa mwaka, na mwanzoni hata maskini walinufaika kwa sababu kazi za kibarua ziliongezeka: kupandikiza, kukata, kupura. Kisha zikaja kombaini, mashine za kuvunia. Mashine moja ikafanya kwa saa chache kazi ya vibarua wengi kwa siku kadhaa. Matajiri wakaacha kuwaita vibarua, wakaacha na kukodisha vipande vya ardhi kwa jirani maskini, na zile sadaka na zaka za msimu wa mavuno zikapungua.

Mtafiti wa kawaida angeuliza: je, waliandamana? Hawakuandamana. Kwa vigezo vya vitabu vya siasa vya siku zile, Sedaka hapakuwa na siasa yoyote. Scott aliyekaa, akala nao, akasikiliza, aliona vingine. Makundi ya akina mama wanaopandikiza mpunga yalijaribu kuwakwepa wakulima waliokodi kombaini: leo tuna kazi kwingine, kesho mmoja anaumwa, hakuna anayetamka neno mgomo. Wapuraji waliacha punje kwenye mabua makusudi ili watu wao waje kuokota baadaye. Gunia lililolala shambani usiku liliweza kupungua. Katika eneo lile la Muda zilisikika habari za mchanga kwenye matangi ya kombaini na vyuma vilivyofungwa kwenye mabua ili vizikwamishe. Yeyote aliyewahi kufanya kazi katika ofisi yetu ambayo mishahara imechelewa anaujua mgomo baridi, anajua na kujitia hamnazo mbele ya mkubwa. Scott aliyachukua mambo haya madogo, yasiyo na bango wala kiongozi, akasema: hii nayo ni siasa. Kitabu kikatoka 1985 kwa jina la Weapons of the Weak, na kwa maoni yangu hakuandika kingine kilichokifikia, ingawa cha 1998 ndicho kilichompa umaarufu.

Tazama jinsi alivyofanya. Kulikuwa na tajiri mmoja ambaye maskini walimpachika jina la utani linalomaanisha fagio, Haji Broom kwenye kitabu, kwa kuwa alizoa ardhi za wenzake. Mbele yake ni heshima tupu, mgongoni, fagio. Na kulikuwa na maskini mmoja, Razak, ambaye matajiri walimtaja kila walipotaka kuonyesha kwamba fukara ni wavivu na wadokozi. Kijiji kimoja, hadithi mbili, kila upande na mfano wake wa kunyooshea kidole. Ukimhoji mtu mbele ya mwenye nguvu unapata hadithi moja, ukimpata jikoni kwake unapata nyingine. Miaka michache baadaye, mwaka 1990, Scott alipoigeuza hoja hiyo kuwa kitabu kizima, alikifungua kwa methali ya Kihabeshi: bwana mkubwa akipita, mkulima mwenye busara huinama sana, kisha hujamba kimyakimya. Mniwie radhi, lakini ndivyo ilivyo, na methali hiyo imefanya kazi kuliko ufafanuzi wa kurasa kumi.

Kuhusu ufundishaji nitapita haraka. Mwaka 1991 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Yale programu ya masomo ya jamii za wakulima. Roho yake ilikuwa semina ya Ijumaa: andiko linasambazwa mapema, watu wanakuja wamelisoma, na mezani wanakaa mwanahistoria, mwanaanthropolojia, mtu wa misitu na mtu wa sheria. Kozi yake kuu aliifundisha pamoja na wenzake wa fani hizo, wakibishana mbele ya wanafunzi. Pia alikuwa na ushauri ambao wanafunzi wangu huupokea kwa mashaka: angalau nusu ya unachokisoma kitoke nje ya sayansi ya siasa. Yeye alisoma riwaya kwa wingi, za akina Balzac na Zola, na aliamini zinaeleza mamlaka na unyonge kuliko majarida mengi ya fani yetu. Kwa hiyo riwaya nazo usizitupe kwenye kipengele cha tatu.

Nakupa kisa kimoja zaidi kabla ya kufika kwetu. Mwaka 1990, baada ya ukuta wa Berlin kuanguka, Scott alikuwa Ujerumani Mashariki akijaribu kunyoosha Kijerumani chake kwa kufanya kazi kwenye shamba lililokuwa la ushirika. Safarini alikuwa akibadilisha treni mji wa Neubrandenburg. Jioni, nje ya kituo, aliona watu wamesimama kwenye taa ya waenda kwa miguu, nyekundu, wakingoja. Barabara ni nyeupe, unaona mbali pande zote mbili, gari hakuna. Watu wanangoja. Anayevuka anakemewa kwa macho na kwa mdomo. Scott alikiri kwamba kuvuka kulimtia woga kuliko alivyotarajia, yeye profesa mzima. Akajiwekea desturi ya kufanya mazoezi: kila siku uvunje kasheria kadogo kasiko na maana, ili siku ikifika ya kukataa amri kubwa ya uovu misuli iwe tayari. Utakubali au utakataa (mimi nikivuka Barabara ya Morogoro nangoja taa, tena naangalia bodaboda), lakini ona namna anavyofikiri. Swali kubwa la utii na dola amelipata kituo cha treni, akingoja.

Sasa babu yako.

Hoja ya kitabu cha 1998 ni kwamba serikali ya kisasa hutaka watu na ardhi vionekane vizuri kutoka ofisini, vihesabike. Scott anaanzia misitu ya Prussia na Saxony, ambako wataalamu walifyeka msitu wa mchanganyiko wakapanda aina moja ya mti, kwa mistari, umri mmoja. Kizazi cha kwanza cha miti kilistawi. Cha pili kilidhoofika, kwa kuwa udongo, wadudu na vichaka vilivyofagiliwa kama uchafu ndivyo vilivyoulisha msitu. Kutoka hapo anakwenda kwenye mji wa Brasília, mashamba ya pamoja ya Stalin kule Urusi, na sura ya saba ni Tanzania.

Sura ile inajua mengi. Inarudi hadi mradi wa karanga wa Waingereza, Kongwa na kwingine, ulioanza 1947 kwa ndoto ya ekari zaidi ya milioni tatu na kufa 1951. Inamnukuu Mwalimu Nyerere kwenye hotuba ya kuapishwa urais Desemba 1962, akisema tusipokaa pamoja vijijini hatutaweza kutumia matrekta. Inaonyesha kwamba mwanzoni alisisitiza hiari, kisha ikafika Novemba 1973 na tangazo kwamba kukaa kijijini ni amri, na mwisho ni 1976. Scott anasema watu wasiopungua milioni tano walihamishwa. Anaeleza nyumba zilizopangwa kwa mstari kando ya barabara, mashamba yaliyobaki mbali, na maofisa waliohesabu idadi ya watu waliohamishwa kama ndiyo mafanikio yenyewe. Kwa haki yake, anasema wazi kwamba ukilinganisha na Urusi, operesheni yetu ilikuwa ya upole.

Lakini angalia vyanzo vyake. Kedah aliishi. Tanzania aliisoma. Anategemea watafiti waliotangulia, akina Goran Hyden na Andrew Coulson, na Juma Mwapachu aliyeandika mwaka 1976 juu ya operesheni ya mkoa wa Shinyanga, mkoa ambao Maswa ilikuwa ndani yake wakati ule. Matokeo yake unayaona kwenye ukurasa. Katika Sedaka, mtu ana jina la utani, ana deni, ana jirani asiyemwamini. Katika sura ya saba wapo maofisa, mipango, takwimu na "wakulima" kwa jumla. Ni nadra kumkuta mmoja amekaa kwenye kigoda akisema lake. Mtu aliyetufundisha kuogopa kutazama kijiji kutoka juu, kijiji chetu alikitazama kutoka juu. Ndiyo maana babu yako hayumo.

Hili halifanyi sura hiyo kuwa ya uongo. Nyumba zilichomwa, nimesikia kwa waliokuwepo. Familia zilishushwa kwenye malori mahali pasipo maji. Chakula cha kununua nje kiliongezeka sana 1974 na 1975, ingawa ukame nao ulikuwepo na wataalamu bado wanagombana kila kimoja kichangie kiasi gani. Na Chama cha Maendeleo Ruvuma, wale wa Litowa na vijiji jirani waliojiundia ujamaa wao kwa hiari, kilivunjwa na TANU Septemba 1969, kabla ya operesheni kubwa kuanza. Kwangu hilo linasema mengi kuliko mistari ya nyumba: tatizo halikuwa tu kupenda mambo yanyooke, lilikuwa pia chama kutotaka kijiji kinachojiamulia. Mtafiti Leander Schneider, aliyelirudia suala hili mwaka 2007, alimkosoa Scott kwa upande unaokaribiana na huo. Ukimtaja mwalimu wako atafurahi.

Upande wa pili, shule ya babu yako ni ya kweli. Azimio la Musoma la 1974 lilisogeza mbele elimu ya msingi kwa watoto wote, na kufikia 1977 mpango huo ulikuwa nchi nzima. Kujenga darasa na zahanati ni rahisi zaidi kaya zikiwa 250 mahali pamoja, idadi ambayo sheria ya vijiji ya 1975 iliiweka kuwa ya chini, kuliko zikiwa zimetawanyika kama desturi ya Usukuma ilivyokuwa, kila mji na ng'ombe wake na nafasi yake. Scott anauliza kama mavuno yaliongezeka na kama mkulima alibaki na uamuzi wake. Babu anajibu kama mtoto alijua kusoma. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi siku hiyo hiyo. Kinachoniudhi katika mijadala yetu ni watu kumtumia mmoja kumnyamazisha mwenzake: anayemchukia Nyerere anamshika Scott, anayempenda anamshika babu.

Kwa hiyo usichague. Nenda Maswa likizo hii ukafanye alichokifanya Scott Kedah na hakukifanya kwetu. Na usimwulize babu kama Ujamaa ulikuwa mzuri, kwa sababu atakujibu kama anavyomjibu mgeni wa serikali. Mwulize mahame yao yako wapi, na kutoka hapo hadi kijijini ni mwendo wa muda gani kwa miguu. Nani alibaki kulala kwenye kibanda cha shamba msimu wa kulinda ndege? Ng'ombe walipelekwa wapi, wangapi walipotea? Tofali za shule nani alizichoma, na siku za kuchoma nani alikuwa "anaumwa"? Balozi wa nyumba kumi alikuwa nani, na nyumbani walimwitaje asipokuwepo? Mwulize pia lini watu walianza kurudi kimyakimya kwenye ardhi zao za zamani, na nani alijua akanyamaza. Kama bibi yupo, mhoji peke yake, jikoni, si mbele ya babu.

Omba ruhusa ya kuandika, badili majina kama Scott alivyofanya, na mwachie babu asikilize ulichoandika kabla hujakikabidhi. Majibu yao yaweke kwenye kipengele cha kwanza, chini ya kazi za kitaaluma, palepale unapoijadili sura ya saba, wala si kwenye viambatisho.